Arobaini Si Ruhusa ya Kubeba Ndoo



Kila bi harusi wa kwetu visiwani analijua neno mkaja. Posa ikishakubaliwa, wazee hukaa wakataja mambo yao: mahari ya binti mwenyewe, kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama. Mkaja ni ile nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni ile aliyombebea mtoto mgongoni. Kwa hiyo kijana, kabla hajakabidhiwa mke, anaambiwa aliheshimu kwanza tumbo lililomzaa mke huyo. Ni mila nzuri, na hatutaki ife.

Ila tunauliza. Tumbo la mama linapewa heshima kwa kazi lililoifanya miaka 20 na kitu iliyopita. Na tumbo la huyu binti, litakalozaa inshaallah mwakani, nani ataliheshimu, na kwa muda gani?

Wengi watajibu haraka: siku arobaini. Sisi tunasema arobaini ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi kuwa jibu. Mwanamke aliyezaa anatakiwa arudi kwenye mazoezi na kazi nzito kwa hatua, kila hatua akiutazama mwili wake unajibu nini, asiitazame kalenda peke yake. Na katika hatua hizo, ndoo ya maji kichwani ni ya mwisho kabisa, ingawa majumbani mwetu mara nyingi huwa ya kwanza.

Kwa nini tunaitaja Masasi na Newala

Ukisema "mazoezi baada ya kuzaa", wengi wetu tunafikiria video za kwenye simu: msichana kalala juu ya mkeka, anakunja tumbo mara mia, na chini pameandikwa tumbo litarudi kwa wiki mbili. Hayo tutayafikia. Lakini tuanze kusini, maana huko suala hili linaonekana wazi zaidi.

Visiwa vyetu na kusini ni ndugu wa zamani. Unyago wa Unguja, ule ambao marehemu Bi Kidude aliupigia ngoma mpaka uzeeni, una asili yake kwa watu wa bara na kusini, Wayao, Wamakonde na wenzao. Wengi wetu tukihesabu mabibi hatufiki mbali kabla hatujagusa Ruvuma. Na wako dada zetu walioolewa huko, na wa huko walioolewa kwetu.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Masasi iko chini upande wa magharibi, mji uliozungukwa na milima ya mawe. Kule juu ardhi hunywa mvua upesi, mito hakuna, na tangu zamani maji yalifuatwa chini ya mteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shida hiyo hiyo, kuyasukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Nyumba nyingi pia zina visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Hata hivyo, bomba likikatika na kisima kikikauka wakati wa kiangazi, ndoo hurudi kichwani, na kichwa chenyewe mara nyingi ni cha mwanamke.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bado uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto mchanga ni kilo 3 hivi. Mama aliyezaa kwa upasuaji huambiwa hospitali asinyanyue kitu kizito kuliko mwanawe kwa wiki 6 za mwanzo. Ndoo moja basi ni kama watoto sita au saba kwa mpigo, na unainama kuitwika, unasimama nayo, unapanda nayo kilima.

Tena maji si peke yake. Korosho huanza kuanguka kuelekea mwezi wa kumi, na kuokota korosho ni kuinama kutwa. Aliyezaa mwishoni mwa mwezi wa nane, arobaini yake inaishia pale pale korosho zinapotaka mikono. Kisha kuna mhogo wa kutwanga, na kila mtwangio unabana tumbo zima. Hakuna anayeyaita haya mazoezi, lakini misuli ya tumbo haiulizi jina la kazi, inahisi uzito tu. Mwanamke wa Newala anayejitwika ndoo na bi mdogo wa mjini anayerukaruka chumbani kufuata video wanalitaka tumbo jambo lile lile kabla halijawa tayari. Tofauti ni kwamba wa mjini anaweza kuizima simu, na wa Newala ana kiu ya nyumba nzima juu yake.

Arobaini inasema nini, na haisemi nini

Tuwe waangalifu hapa, maana tunachanganya mambo mawili. Arobaini kwetu ni ya nifasi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, nifasi kwa kawaida huwa siku 40 na haizidi 60, na damu ikikatika mapema mwanamke anaoga na kusali, hasubiri siku zitimie. Hiyo ni hukumu ya twahara na ibada. Haikusema popote kwamba siku ya 41 misuli imeshapona na mzigo uruhusiwe.

Ajabu ni kwamba madaktari na sheria nao wamesimama karibu na idadi hiyo. Kizazi huchukua wiki 6 hivi kurudi kwenye ukubwa wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijaaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na inakataza asifanye kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua mpaka daktari athibitishe kuwa anaweza. Wiki 6 ni siku 42. Bibi zetu hawakuwa mbali.

Lakini sheria hiyo inamlinda mwenye mwajiri. Mwenye shamba la korosho na ndoo hana wa kumwandikia likizo isipokuwa watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo nyumba ndiyo iwe sheria yake.

Dini pia imetufundisha kwenda kwa kadiri ya uwezo. Anayeweza kusimama anasali amesimama, asiyeweza anakaa, asiyeweza kukaa analala ubavu. Ikiwa sala, nguzo ya dini, imewekewa daraja kwa ajili ya mwili uliochoka, je ndoo? Je squat? Qur'ani katika Suratu Luqman inamtaja mama kuwa alibeba mimba katika udhaifu juu ya udhaifu. Mola wetu ameutaja udhaifu huo bila ya kuuonea haya. Sisi kwa nini tunauficha?

Ndani ya mwili kumetokea nini

Mimba inanyoosha misuli ya mbele ya tumbo mpaka inaachana katikati, pale kwenye mstari unaopita kitovuni. Kwa wengi hurudi taratibu, kwa wengine hubaki mwanya. Chini, misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa imenyooshwa na uzito wa miezi 9, na aliyezaa kwa njia ya kawaida imenyooshwa zaidi siku ya uchungu. Aliyepasuliwa naye ana kidonda chenye tabaka kadhaa, na ngozi ikifunga haina maana ndani kumeshapona. Viungo navyo hubaki vilegevu kwa wiki nyingi.

Ukibeba kizito au ukiruka wakati huo, nguvu yote inasukuma chini. Hapo ndipo mkojo unapoanza kuchuruzika ukikohoa au ukicheka, na wengine huhisi kitu kizito kinashuka ukeni. Huko ndiko kushuka kwa kizazi.

Tuseme ukweli ambao hausemwi kwenye singo wala kwenye ukumbi wa harusi. Kuna wanawake wanaoacha kwenda darsa kwa kuogopa harufu. Kuna wanaotawadha mara tatu kwa sala moja kwa wasiwasi. Dini imewapa wepesi wake, ajisitiri vizuri na atawadhe kwa kila sala baada ya wakati kuingia, lakini wepesi huo si sababu ya kukaa na maradhi yanayotibika. Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia wengi, hata waliokaa na tatizo miaka. Nenda kasemeni na daktari au mkunga, si aibu.

Hatua za kurudi

Haya ni ya mama aliyejifungua salama. Mwenye presha, kifafa cha mimba, damu nyingi au mchaniko mkubwa afuate maneno ya daktari wake kwanza.

Siku za mwanzo: pumzika, lakini usilale kama gogo. Kusimama na kutembea chumbani kunasaidia damu isigande miguuni, na hilo ni muhimu zaidi kwa aliyepasuliwa. Vuta pumzi ndefu mpaka tumbo lijae, kisha itoe taratibu. Kama huna mpira wa mkojo, anza kukaza misuli ya chini, ile unayoitumia kuzuia mkojo na upepo. Kaza, hesabu mpaka 3 au 5, achia kabisa, rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Usiubane pumzi na usifanye hivyo wakati unakojoa. Unaweza kufanya huku unanyonyesha, hakuna atakayejua.

Wiki ya 2 mpaka ya 6: tembea mwendo mfupi, ongeza kidogo kidogo. Newala asubuhi kuna baridi nzuri, na baada ya sala ya alfajiri uwanja uko kimya, zunguka hapo hapo nyumbani. Damu ikizidi au ikirudi kuwa nyekundu baada ya kutembea, mwili unakuambia umepitiliza. Pumzika, kesho punguza.

Mkaja jifunge, hatuukatazi. Unashikilia na unatia moyo. Lakini ufunge kwa kiasi cha kupumua na kula vizuri, kwani ukikaza mno unasukuma vitu chini, na misuli haijengwi na nguo. Na kukandwa kwa maji ya moto kusiguse tumbo lenye kidonda.

Wiki ya 6: hapa ndipo tunapopoteza nafasi. Mtoto anapelekwa kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, amevalishwa vizuri, anapimwa uzito, na mama anarudi naye bila ya yeye kuguswa. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe ndani ya siku ya kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Basi siku hiyo sema: naomba na mimi niangaliwe. Uliza kuhusu kidonda, tumbo, mkojo na damu. Masasi kuna hospitali ya Mkomaindo, Ndanda kuna hospitali ya misheni, Newala kuna hospitali ya wilaya. Huhitaji kupanda meli.

Nyumbani unaweza kujipima tumbo. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, na weka vidole juu na chini ya kitovu. Ukihisi shimo linaloingia vidole zaidi ya viwili, au tumbo likisimama katikati kama paa la nyumba, usifanye zile za kunyanyuka kutoka chali kwanza. Zitakuumiza.

Wiki ya 6 mpaka ya 12: ukishaangaliwa na uko salama, tembea kwa kasi, inuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa bila ya kushika, inua nyonga ukiwa umelala chali. Maji anza na kidumu kidogo cha mkononi, si ndoo. Ukinyanyua, piga magoti, toa pumzi, kaza misuli ya chini. Ukivuja, ukiumwa au ukihisi uzito ukeni, rudi nyuma hatua moja.

Baada ya miezi 3: hapa ndipo kukimbia na kuruka kunapofikiriwa. Mwongozo wa wataalamu wa viungo wa Uingereza wa mwaka 2019 unasema kukimbia kusianze kabla ya wiki 12, na hata hapo iwe hakuna dalili. Ndoo iliyojaa tunaiweka hapa hapa, na ianze na nusu. Baadaye lengo linalotajwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mwendo huo hauharibu maziwa. Kunywa maji ya kutosha tu, na nyonyesha kabla ya kutoka.

Usisubiri hatua yoyote ukiona haya: damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, homa, usaha au harufu mbaya, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

"Mbona bibi zetu walizaa asubuhi wakalima jioni?"

Tunalisikia sana neno hili, hasa kutoka kwa mavyaa. Tunawaheshimu mama zetu, lakini tuwajibu kwa adabu. Waliolima jioni na wakawa wazima ndio waliobaki kutusimulia. Waliobaki na kizazi kilichoshuka hawakusimulia, walijifungia wakasema ni ugonjwa wa kike. Na tukichunguza, mila yenyewe haikuwa ya kulima jioni. Mila ilikuwa kukandwa, kupikiwa uji wa pilipili manga, kufungwa mkaja na kutunzwa. Anayemtoa mzazi kitandani wiki ya pili aende kisimani hafuati mila ya bibi yeyote.

Kusini wana jambo la kutufundisha. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa watu wa mke. Mzazi basi yuko karibu na mamake, dada zake na mama zake wadogo. Hao ndio watu wa kugawana ndoo. Bi harusi wa kwetu anayehamia kwa mumewe, mbali na mamake, anahitaji mpango zaidi, si kidogo.

Na mume yuko wapi? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na ukiingia wakati wa sala hutoka. Mwanamume anayepakia dumu nne za maji kwenye baiskeli kwa ajili ya mzazi wake hajapungukiwa na kitu. Ameshika sunna.

Kwa bi harusi

Shoga, orodha yako ya harusi ni ndefu: sare, ukumbi, keki, piko, upatu wa kitchen party. Ongeza mstari mmoja. Mnapokaa na mchumba wako mbele ya walii kuzungumza mambo ya maisha, uliza: nikijaaliwa mtoto, miezi mitatu ya mwanzo maji atachota nani? Kuni nani? Korosho za msimu huo nani? Kama kuna pesa ya ukumbi, kuna pesa ya kumlipa mwenye baiskeli ya maji.

Somo naye anayekufunda jinsi ya kumpendeza mume akufunde pia kuikaza na kuiachia misuli yako, maana ni ile ile itakayokusaidia ukishazaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nyumba nzima inaweza kuujua uzito wa ndoo ikijaribu kuinyanyua.

Mkaja wa mamako utalipwa, alhamdulillah. Wa kwako usiungoje mpaka binti yako aposwe. Uombe sasa, na uombe kwa siku na kwa ndoo, si kwa fedha.

Allah awape wazazi wetu wote afya, na watoto wenye kheri. Amin.